Hilux ya zamani inatetemeka: misi, mauntingi au propela? Ulinganisho kabla hujanunua spea

Pikapu ya zamani ikianza kutetemeka, ushauri haukosi. Wa kwanza atakuambia mauntingi (raba zinazobeba injini) zimekufa. Wa pili atasema ni nozeli (vipuliza dizeli). Wa tatu, ambaye hata boneti hajafungua, atakushauri ushushe injini. Wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa gari lake. Wewe una gari moja, na mara nyingi una fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa sasa.

Nitawalinganisha washukiwa hao kwa kutumia Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990: ya petroli yenye injini ya 22R (cc 2366, kabureta), na za dizeli zenye 2L (cc 2446), 3L (cc 2779) au 5L (cc 2986). Zote ni silinda nne. Nimezichagua kwa sababu bado zinabeba mchanga, mbao na mikungu ya ndizi kila siku, na kwa sababu hazina kompyuta ya kukutajia kosa. Utapima kwa mkono, kwa sikio na kwa geji. Mwenye Isuzu au Nissan ya umri huo atakuta mengi yanafanana.

Msimamo wangu niuseme mapema: gari linalotetemeka likiwa limesimama, usilinunulie mauntingi kabla ya kupima silinda moja moja. Na gari linalotetemeka barabarani tu, usiliguse injini hata kidogo mpaka umemalizana na matairi na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma).

Limesimama au linatembea?

Swali hili halina gharama na linaachia huru nusu ya washukiwa. Washa injini, gia huru, hendibreki juu, usikanyage mafuta. Gari likae sailensi (injini ikizunguka polepole yenyewe). Kama kioo cha pembeni kinachezacheza hadi huoni vizuri gari lililo nyuma, tatizo liko kwenye injini au kwenye kile inachokalia. Gari likiwa limesimama hivyo, propela haizunguki na matairi hayazunguki. Yaache.

Sasa panda mafuta taratibu. Mtetemo ukipotea kadiri injini inavyopanda, una silinda dhaifu au mauntingi zilizochoka, kwa sababu makosa hayo yote mawili hujificha injini ikishika kasi. Lakini ukizidi kadiri unavyokanyaga, tafuta kitu kinachozunguka bila uwiano: feni iliyovunjika ncha ya panga moja, puli ya kranki ambayo raba yake imeachia, au klachi. Ya klachi utaijua kwa kukanyaga pedali yake. Mtetemo ukibadilika hapo hapo, umeshapata mwelekeo. Ya feni, vua mkanda wake, washa injini kwa dakika moja, sikiliza, kisha zima na urudishe. Usizidishe muda, maana kwenye injini hizi pampu ya maji nayo inasimama.

Baada ya hapo toka barabarani. Ukiwa kwenye kasi ya 80, barabara nzuri na tupu, toa gia uache gari liserereke huku injini ikiwa imewaka. Usiizime: usukani unaweza kujifunga, na breki zitapoteza msaada wake. Mtetemo ukiendelea vilevile, injini haihusiki. Ukikatika, rudi upande wa injini, klachi na mauntingi.

Hesabu ndogo inayookoa fedha

Injini ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko. Ikiwa sailensi kwenye mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 12.5 kwa sekunde, yaani miwako 25. Mwili wako hauwezi kuihesabu miwako hiyo. Unaisikia kama mvumo mmoja mwembamba. Silinda moja ikikosa kuwaka, pengo lake linajirudia mara moja kila mizunguko miwili, sawa na mara sita hivi kwa sekunde. Hilo unalihisi kiunoni, na karibu unaweza kulipigia makofi.

Basi tofauti iko hapo. Mtikisiko wa polepole wenye mapigo ni misi. Mvumo wa haraka unaopita kwenye usukani, dashibodi na mkono wa gia, bila mapigo, ni mtetemo wa kawaida wa injini ambao mauntingi zimeshindwa kuuzuia. Kwenye dizeli mvumo huo ni mkubwa zaidi hata gari likiwa halina kosa, kwa sababu injini hizi hubana hewa kwa uwiano wa karibu 22 kwa 1, wakati 22R ya petroli iko karibu 9 kwa 1. Aliyezoea petroli akinunua Hilux ya 3L lazima atadhani ameuziwa gari bovu.

Hesabu ya barabarani ni ya aina hiyo hiyo. Kwenye kasi ya 80 gari linakwenda mita 22 kwa sekunde. Tairi la pikapu lina mzingo wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo linazunguka mara 10 kwa sekunde. Uwiano wa difu (gia za eksoli ya nyuma) kwenye magari haya ni kama 4 kwa 1, hivyo propela inazunguka mara 40 na ushee. Tairi bovu hutikisa usukani au kiti kwa mapigo unayoweza kuyafuata. Propela mbovu huvuma, na miguu ikikaa sakafuni inaanza kufa ganzi.

| | Misi | Mauntingi | Tairi | Propela |
|---|---|---|---|---|
| Gari limesimama | Linatikisika kwa mapigo | Linavuma mfululizo | Kimya | Kimya |
| Ukipanda mafuta | Hupungua, nguvu inabaki ndogo | Hupungua | – | – |
| Mlimani na mzigo | Linashindwa | Linapanda vizuri | Haibadiliki | Hutetema wakati wa kuondoka |
| Ukitoa gia kwenye 80 | Hukatika | Hukatika | Huendelea | Huendelea |
| Ulaji wa mafuta | Umeongezeka | Uleule | Uleule | Uleule |

Mstari wa mlimani ndio ninaouamini kuliko yote. Mauntingi mbovu hazipunguzi nguvu ya gari. Kama linatetemeka na pia limekuwa zito, usipoteze muda kwenye raba.

Kupima silinda, kisha mauntingi

Kipimo ni kilekile kwa petroli na dizeli: unaikata silinda moja kwa wakati ukiwa umeliacha gari sailensi. Silinda inayofanya kazi ukiikata, injini inayumba na kushuka. Silinda ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo iliyokuwa imelala.

Kwenye 22R zima injini, chomoa waya wa plagi ya silinda moja, uuchomeke kwenye plagi ya zamani iliyogusana vizuri na chuma cha injini, kisha washa. Usiuache waya ukining'inia, maana koili inaweza kuharibika na wewe unaweza kupigwa shoti. Kwenye 2L, 3L na 5L legeza nati ya paipu ya nozeli, nusu mzunguko tu, hadi dizeli ianze kutoka, kisha kaza. Vaa miwani na glavu nene, funika kwa kitambaa, na usipeleke kidole mahali mafuta yanaporuka: shinikizo hilo linaweza kupenyeza dizeli chini ya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbilia hospitali hata kama linaonekana dogo kama tundu la sindano. Na kama Hilux yako ni ya kizazi cha baadaye cha D-4D (dizeli inayoongozwa na kompyuta), yenye 1KD au 2KD, kipimo hiki kimekatazwa kabisa. Pale shinikizo ni kubwa mara kadhaa, na silinda hupimwa kwa mashine ya kusoma kompyuta.

Silinda zote nne zikishuka sawasawa, injini yako haina misi na sasa mauntingi zinastahili kuangaliwa. Ziko tatu: mbili ubavuni mwa injini na moja chini ya giaboksi. Hiyo ya nyuma husahaulika sana. Mtu anabadilisha mbili za mbele, mtetemo unabaki, anaanza kumlaumu muuza spea. Mtu mmoja akae kwenye usukani, akanyage breki barabara, atie gia na kuachia klachi kidogo tu, mbele kisha rivasi. Wewe simama ubavuni, kamwe si mbele ya gari, na tazama injini. Kuinama kidogo ni kawaida. Ikinyanyuka na kuachana na kikalio chake, raba imekatika. Angalia pia kama raba imelowa oili. Oili inayovuja kutoka gasketi ya kava ya tapeti hulainisha raba, na mauntingi mpya utakayoweka bila kuziba uvujaji huo itakwenda njia hiyohiyo.

Kwa nini nasisitiza silinda kwanza? Kwa sababu misi huzichosha mauntingi, lakini mauntingi mbovu hazisababishi misi. Ukianza na raba, gari litatulia kiasi, utadhani umepona, na silinda itaendelea kulala huku petroli isiyoungua ikiosha oili kwenye kuta zake.

Petroli: kabureta isubiri

Kwenye 22R kabureta ndiyo inayofunguliwa kwanza, na mimi ningeifungua mwisho. Anza na plagi: nafasi yake ni milimita 0.8, na rangi ya ncha inasema mengi. Nyeusi na kavu ni petroli nyingi, nyeusi yenye mafuta ni oili, nyeupe ni hewa nyingi kuliko petroli. Moja ikiwa tofauti na tatu nyingine, umepata silinda yako. Fungua na kepi ya distributa (kifuniko cha kigawa umeme wa plagi) utazame ufa au ukungu. Magari ya pwani hukusanya unyevu humo usiku, na asubuhi yana misi ambayo ikifika saa nne haipo tena.

Kisha hewa ya wizi, ile inayoingia bila kupitia kabureta. Hii ni sababu kubwa ya 22R kutetemeka sailensi na kupona ukikanyaga mafuta. Injini ikiwa sailensi, kanyaga breki ushikilie: mngurumo ukibadilika na kubaki umebadilika, au ukisikia fiii kwenye pedali, busta ya breki inavuja. Fuata mipira yote ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwa mkono, kisha gasketi iliyo chini ya kabureta. Mafundi wengi hunyunyiza kisafisha kabureta kuzunguka viungo na kusikiliza kama injini itabadilika. Kinafanya kazi, ila kinashika moto. Kwenye 22R upande wa kuingiza hewa na upande wa ekzosi viko mbalimbali, hivyo nyunyiza kidogo, upande huo mmoja tu, na usielekeze kwenye waya za plagi.

Mwenye geji ya vakyumu ana faida kubwa hapa, na ni kifaa cha bei ndogo kuliko kabureta yoyote. Pwani, injini isiyo na kosa hutuliza sindano kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Sindano iliyotulia chini ya hapo inaashiria hewa ya wizi au taimingi (wakati wa cheche) iliyochelewa. Ikidondoka kwa mapigo yaliyo sawa, fikiria valvu isiyoziba. Lakini kumbuka unapopima: kila ukipanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, inapungua kama inchi moja. Mbeya, au Nairobi, ambako ni karibu mita 1,700, gari zima litasoma kama 12 hadi 15, na kuna injini zilizofunguliwa bure kwa kutojua hilo. Kwa sababu hiyohiyo ya hewa nyepesi, kabureta iliyotegeshwa Dar es Salaam huwa na petroli nyingi mno milimani.

Tapeti (nafasi za valvu) za 22R hutegeshwa kwa bisibisi na spana, injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Baada yake kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Kiwango ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 171, chini ya 142 haikubaliki, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Silinda moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Haya yote yakiwa safi, sasa fungua kabureta. Na ikiwa gari linazima kabisa ukiachia mafuta lakini linakwenda vizuri ukikanyaga, kagua kwanza ile solenoidi ndogo ya kukata petroli iliyo ubavuni mwa kabureta, kama inapata umeme na inagonga swichi ikiwashwa.

Dizeli: hewa kabla ya nozeli, nozeli kabla ya pampu

Hapa busta ya breki haina kosa. Dizeli hizi hupata vakyumu kutoka pampu ndogo iliyofungwa kwenye alternata, kwa hiyo uvujaji wake utaharibu breki bila kugusa sailensi. Fundi akikufananishia na petroli, mkumbushe.

Uliza kwanza: linatetemeka lini? Likitetemeka asubuhi tu, kwa dakika moja au mbili, na moshi mweupe, kisha likatulia, hiyo ni plagi ya kupasha moto iliyokufa kwenye silinda moja. Ni spea rahisi, na watu wameshusha pampu kwa ajili yake. Likitetemeka hovyo, mara linapanda mara linashuka, hasa baada ya kulala, kuna hewa inaingia kwenye dizeli. Weka mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, washa, tazama mapovu. Hewa huingia kwenye klipu zilizolegea, kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na kwenye mipira iliyopasuka, mahali ambapo hakuna hata tone linalovuja nje.

Likitetemeka wakati wote, kwa mapigo, na kipimo cha paipu kimeonyesha silinda moja, vua nozeli zote nne uzipeleke kwenye mashine. Zinatakiwa kufunguka kwa shinikizo lililotajwa na mtengenezaji na kutoa ukungu, si kudondosha. Kabla ya kulipa, badilishana nozeli ya silinda mbovu na ya jirani: misi ikihama nayo, nozeli ndiyo mkosaji, ikibaki palepale, pima kompresheni ya silinda hiyo. Chini ya psi 284 hakuna nozeli itakayoiokoa. Pete (washa) za nozeli ziwe mpya kila unapofungua.

Kama mtetemo ulianza siku gari lilipotoka kubadilishiwa mkanda wa taimingi (kwenye injini za L hubadilishwa kila kilomita 100,000), usitafute pengine. Mkanda huo ndio unaozungusha na pampu ya dizeli, na jino moja kuruka kunatosha. Pampu yenyewe iwe ya mwisho.

Mpya, kopi au mtumba?

Kwa mauntingi za dizeli ningechukua orijino, na kama fedha haitoshi ningesubiri. Kopi nyingi zina raba ngumu. Gari linatoka gereji likivuma kuliko lilivyoingia. Mtumba wa raba siununui kabisa, kwani raba huzeeka hata ikiwa rafuni. Kwa 22R, ambayo ni laini kwa asili yake, kopi nzuri inavumilika.

Kabureta ni kinyume. Ya asili iliyosafishwa na kuwekewa seti mpya ya gasketi ni bora kuliko kopi mpya inayong'aa, isipokuwa shafti yake ya kipepeo imelika na inacheza. Nozeli: badilisha ncha zote nne kwa pamoja na uzitegeshe kwenye mashine, vishikio vyake vya zamani vinatosha. Iwe Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi, nenda na ya zamani mkononi, maana vizazi vya Hilux vinapishana kwa tundu moja la bolti.

Likitetemeka barabarani tu

Tairi kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Badilishana ya mbele na ya nyuma: mtikisiko ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, au kinyume chake, ni tairi au rimu. Tope lililokauka ndani ya rimu linatosha kuleta mtetemo, lioshe kabla ya kulipia balansi.

Propela ina mambo zaidi. Ishike kwa mikono gari likiwa limezibwa magurudumu na injini imezimwa, uizungushe huku na huku: krosi (kiungo cha msalaba) isiwe na mchezo hata kidogo. Kwenye Hilux ndefu zenye propela ya vipande viwili, tikisa na senta beringi, ile inayoishika propela katikati. Raba yake ikipasuka, gari hutetema unapoondoka na mzigo, kisha hutulia. Kabla ya kufungua kiungo chochote piga alama kwa patasi au rangi pande zote mbili. Propela ikirudishwa imepinda pembe, uma za ncha mbili hazikabiliani tena, na gari lililopelekwa kwa ajili ya krosi moja linarudi na mvumo ambao halikuwa nao.

Mwisho kuna jambo ambalo halimo kwenye kitabu cha gari: springi za kuongeza. Mwenye gari akiongeza majani mawili ili abebe tani zaidi, nyuma inanyanyuka, pembe ya propela inabadilika, na gari likiwa tupu linatetema kila linapoondoka. Likibeba, linatulia. Hapo krosi mpya na senta beringi mpya hazitasaidia. Ama utoe jani moja, ama fundi arudishe pembe kwa kabari kati ya springi na eksoli.